Mnyama Asiyenipigisha Chafya

Jumatatu, 3 Agosti

Binti yetu amepiga simu asubuhi. Mjukuu anafunga shule Ijumaa, na likizo hii atakaa kwa babu mmoja tu. Babu yupi? Mtoto mwenyewe ataamua, na ana sharti moja: kuwe na mnyama.

Mara ya mwisho alikwenda kwa babu yake wa upande wa pili, baba wa mkwe wetu. Mimi humwita Bwana Paka. Ana paka, na anajivuna utadhani amemzaa mwenyewe. Likizo nzima tulisimuliwa habari za huyo paka kwenye simu. Nilimezea. Safari hii simezei.

Nikasema na sisi tuna mnyama. Limenitoka lenyewe mdomoni! Mke wangu, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, akanitolea macho. Anajua nina mzio. Paka akipita dirishani, mimi chafya. Siku ya harusi ya binti yetu paka alikatiza uani, na katika picha zote za familia nimefumba macho, mdomo wazi.

Mke wangu alianza kusema jambo kuhusu dada yake. Nimemwomba aniache nifikirie.

Jumanne, 4 Agosti

Saluni. Mteja wangu mwenye mbwa amekuja na nusu ya mbwa kwenye suruali. Nilijikaza. Chafya ikanishinda, mashine ikapanda juu ya sikio lake na kuacha barabara. Nimemwambia huo ndio mtindo wa sasa. Akaomba nimchoree na upande wa pili. Kipaji!

Nikiwa nafagia nywele ndipo nilipopata mwanga. Shida yangu ni nini? Manyoya. Kazi yangu ni nini? Kunyoa! Kumbe dawa nimeikalia miaka yote hii.

Nikavuka barabara kumweleza mfamasia. Akasema kwa upole kwamba manyoya hayana kosa. Kinachonisumbua ni mate ya mnyama na vigamba vya ngozi yake, na kunyoa hakutasaidia kitu. Akanisogezea pakiti ya vidonge vya buluu. Nimemrudishia. Yeye anauza vidonge, atasema nini kingine? Tena vinaleta usingizi, na kinyozi mwenye usingizi ni hatari kwa masikio ya watu.

Jumatano, 5 Agosti

Nimeazima sungura kwa seremala, jirani yetu. Mweupe, mnene, mpole. Nimemkalisha kwenye kiti cha sebuleni, nikamfunga shuka shingoni, nikaanza kazi. Sijawahi kupata mteja bora. Hakugeuza shingo, hakuuliza kwa nini nimepunguza sana mbele. Nimemshusha kwa mashine namba moja, nikampiga brashi kisogoni, nikamwonyesha kioo. Spiriti sikumpaka. Nina utu.

Kisha nikamkumbatia kwa majaribio.

Naandika haya kwa jicho la kushoto, la kulia limefumba kwa uvimbe. Sungura naye alikuwa akitetemeka kwa baridi. Mke wangu akakata mkono mmoja wa sweta langu la kijivu, akautoboa matundu ya miguu, akamvisha. Ndipo akacheka mpaka akashika ukuta. Seremala alipokuja kumchukua alimgeuzageuza, halafu akauliza nusu nyingine ya sungura wake iko wapi.

Mke wangu amerudia tena habari za dada yake. Kwa jicho hili? Nimemwambia tuziache.

Ijumaa, 7 Agosti

Shule imefungwa. Mjukuu amepiga simu kuuliza kama mnyama wetu anashikika. Nilikuwa nimeazima samaki wawili, wako kwenye beseni. Nikasema anashikika sana. Samaki nimewarudisha.

Kesho anakuja kutazama. Anayemleta ni Bwana Paka, pamoja na paka wake. Yaani nishindwe ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Jioni nimekaa jikoni nimeshika tama. Nampenda yule mtoto. Akija hunichana ndevu na kitana changu, akijifanya yeye ndiye kinyozi, na huniuliza kwa heshima kama maji si ya moto. Atakua upesi, atatuchoka sote. Nikamwambia mke wangu hivyo, bila utani. Akaweka mwiko chini. Akasema, kama mtu anayesema jambo kwa mara ya mwisho, kwamba dada yake ana kobe anayemaliza mboga bustanini, na anatafuta wa kumpokea.

Kobe! Hana unyoya hata mmoja. Amezaliwa ameshanyolewa! Tumemfuata usiku huu huu. Nimefurahishwa sana na wazo langu.

Jumamosi, 8 Agosti

Bwana Paka ameingia na kikapu, tabasamu hadi masikioni. Hajaketi, mimi chafya! Kikapu kikaanguka, paka akachomoka na kujificha chini ya kabati. Huko ndiko alikokuwa kobe. Kobe akatoa kichwa. Paka hajawahi kuona jiwe likitoa kichwa. Akapanda pazia, pazia likashuka naye.

Mjukuu alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akalala kifudifudi, uso kwa uso na kobe, akimlisha jani. Babu wawili roho juu. Akasema anabaki hapa. Na babu apige tena ile chafya.

Nikageuka nimwone Bwana Paka anavyoshindwa. Macho mekundu, machozi yanamchuruzika. Nikaona haya. Nikamwambia asilie, mlango uko wazi, aje kumwona wakati wowote. Akasema halii. Akatoa mfukoni pakiti ya vidonge vya buluu, akameza kimoja. Kumbe naye ana mzio! Miaka yote hii anameza vidonge kwa sababu mtoto anapenda paka.

Mke wangu akampeleka paka uani, akaleta chai. Tumekaa na Bwana Paka mpaka jioni, tukipumua vizuri, tukimtazama mtoto akitambaa nyuma ya kobe. Mtu mwema kabisa.

Jumapili, 16 Agosti

Mjukuu amerudi kwao leo. Kobe amempa jina la Mheshimiwa, kwa sababu anachelewa kila mahali na hakuna anayemgombeza. Wiki nzima nimepiga chafya za uongo kwa ombi maalumu. Likizo ijayo ameahidi kuja tena. Moyo wangu umetulia.

Bwana Paka amekuwa akija kila siku. Leo amelalamika kwamba vidonge vinamlaza mapema. Nikamwuliza kwa nini ateseke na ana kinyozi katika familia. Kwa sungura kosa lilikuwa namba tu. Namba moja inaacha mashina. Paka anataka povu na wembe. Amekubali! Anamleta kesho asubuhi, kabla ya wateja.

Mke wangu amechukua mkasi, na sasa anakata mkono wa pili wa sweta langu.