Mtihani wa Viumbe Uliosahihishwa na Ofisi ya Mifugo

Akina mama wenzangu mlio na watoto shuleni, nawaandikia mimi Mama Coletha wa Samuye, niliyeishia darasa la nne, mjue jinsi wakubwa wanavyoipenda elimu ya watoto wetu, nanyi mjihadhari.

Mwaka ule tulitangaziwa barazani kwamba mtihani wa darasa la nane katika Elimu ya Viumbe umeboreshwa. Mambo ya kuchora panzi na kuotesha maharage yamepitwa na wakati. Litakuwepo swali moja tu, la alama mia, nalo litasahihishwa na Karani Leodgar wa Ofisi ya Mifugo, mtaalamu wa viumbe wenye pembe. Tukapiga makofi. Ofisi hiyo ndiyo iliyotekeleza amri ya kupunguza mifugo: kila penye ng'ombe kumi, mmoja apelekwe mnadani. Nani angedhani mambo hayo yana undugu?

Siku ya mtihani nilimngoja binti yangu nje ya shule. Watoto wakatoka wanabishana.

"Mimi tisini hainipiti," alisema Maganga, mtoto wa jirani yetu. "Swali linataka tueleze jinsi ng'ombe wa nyumbani wanavyorithi rangi, tutaje idadi na mahali walipo. Nimeandika arobaini na saba. Hata wale waliofichwa Kishapu kwa mjomba."

"Arobaini na saba nao ni ng'ombe?" Damian, mtoto wa karani, alicheka. "Utaambulia hamsini. Mimi nimeandika mia na kumi na wawili, na alama za masikio yao."

"Na wewe, Coletha?"

"Nimeandika kuku."

Walicheka mpaka wakashika magoti.

Njiani, tulipofika kisimani, binti yangu akaniambia: "Mayu, ningewaandika wote thelathini na tisa ningefaulu. Ningekwenda kusomea ualimu."

"Na baba yako angekwenda jela. Kwenye daftari la karani tuna kumi."

"Tulikuwa na kumi. Dume jekundu walilichukua."

Alikuwa na haki ya kunikasirikia. Mimi ndiye niliyemwambia tangu akiwa mdogo kwamba ng'ombe wa nyumbani hawatajwi mbele ya mtu mwenye kalamu.

Matokeo yakabandikwa. Maganga, themanini na nane. Siku ya tatu matarishi wa ofisi wakafika kwao, wakausifu mwandiko wa mtoto, wakaondoka na ng'ombe wanne. Mtoto aitwaye Sikujua, yatima anayelelewa na bibi yake mwenye mbuzi wawili, alipewa alama mbili. Haki ilitendeka, kila mbuzi na alama yake. Binti yangu alipata nne, na maelezo kwa wino mwekundu: "Kuku hawapunguzwi." Damian alipata tisini na nane. Karani hakuisoma karatasi yake, kwa kuwa ubora wake ulijulikana tangu nyumbani.

Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, akaja barazani kutoa zawadi. Karani, kifua mbele, akamwita mwanawe asome jibu bora ili wazazi tujifunze. Damian akasoma kwa sauti ya kuridhisha sana:

"Kwetu tuna ng'ombe mia na kumi na wawili. Kumi na wanane wamerithi rangi za mama zao. Waliobaki tisini na wanne hawafanani na yeyote, kwa sababu baba huwaleta kutoka mnadani siku za kupunguza mifugo. Dume jekundu lina alama ya sikio ya mzee Mabula, kwa hiyo mama yake yuko kwa mzee Mabula."

Mabula ni mume wangu. Alisimama taratibu, kama mtu aliyetajwa kwenye tangazo la ndoa.

Karani alijikohoza. "Bwana Shauri, mtoto amebuni. Hajui hata kuhesabu."

"Lakini umempa tisini na nane."

"Ni kosa la usahihishaji, Bwana."

"Kosa kwa huyu tu, au kwa wote?"

Karani akatazama watu, akatazama karatasi. Akisema kwa huyu tu, angeulizwa kwa nini. "Kwa wote, Bwana."

Basi iliandikwa hivyo na akaweka sahihi. Ng'ombe wa kina Maganga wakaamriwa kurudi, na karatasi zote akapewa Mwalimu Herman wa shule yetu azisahihishe upya. Mwalimu alisema ni mtoto mmoja tu aliyeeleza kurithi. Wengine wote wameandika sensa. Kuku wa Coletha wakapata themanini na moja, na nafasi ya ualimu.

Bwana Shauri akaomba kupelekwa kuwaona hao ng'ombe waliobuniwa. Karani akatangulia kuonyesha njia. Tulimfuata wote.

Ng'ombe wa huku hulijua jina lake na sauti ya aliyemfuga. Mume wangu alisimama nje ya zizi la karani, akaita mara moja. Dume jekundu likainua kichwa, likapenya katikati ya wenzake, likatoka. Akaita jirani, akatoka wa jirani. Karani aliamriwa kusimama langoni na daftari, akiandika kila anayetoka, mpaka wakatimia tisini na wanne.

Siku ile, kwa mara ya kwanza, amri ya kupunguza mifugo ilitekelezwa kikamilifu.