Kamba ya Kamera na Mayai ya Yangeyange

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimepata kazi! Bi Felista, mtaalamu wa ndege, ameweka kamera mikokoni mbele ya kiota cha yangeyange. Kamba yake ndefu inafika hadi kwenye kibanda ninachojificha. Nikivuta, inapiga picha. Mwenzangu Mathayo kapewa daftari tu, aandike anachokiona. Kamati ya kijiji inataka kukata mikoko hii kwa ajili ya boriti. Bi Felista anasema picha za vifaranga huenda zikaiokoa. Mimi nawaza nitakavyosifiwa.

Jumanne, 5 Machi
Tope. Mbu. Nikafunga kamba kwenye kidole gumba cha mguu, nikajinyoosha. Kumbe usingizini nawapiga mbu mateke! Filamu nzima kwisha. Nikamwambia Bi Felista leo ndege walikuwa na pilikapilika. Kaniamini, akaweka filamu mpya.

Jumatano, 6 Machi
Nina akili mimi! Kamba niifunge kwenye tawi analotua ndege. Ajipige picha mwenyewe, mimi nikalale nyumbani. Mathayo kanisihi nisipande, mama ndege atayakimbia mayai. Nikamwambia huo ni wivu. Nikapanda, nikaifunga. Tawi likanesa, mama akaruka. Kabla hajarudi, kaja kunguru. Kabeba yai moja kati ya matatu! Mathayo akakimbia topeni, akarusha kiatu, akapiga kelele: “Toka, mwizi we!”

Sikujua anamwambia kunguru au mimi. Nilijisikia vibaya. Kidogo.

Ijumaa, 8 Machi
Mama yuko kiotani. Mathayo analinda kwa mbali, mguu mmoja peku. Nikampelekea mihogo ya kuchemsha. Alikula yote.

Jumatatu, 18 Machi
Picha zimesafishwa. Filamu ya kwanza: ndege yuleyule kalala, mara thelathini na sita. Ya pili: mimi juu ya tawi, mdomo wazi, ndege anakimbia. Halafu kunguru na yai. Bi Felista hakufoka. Heri angefoka. Kamba kampa Mathayo.

Jumamosi, 23 Machi
Mathayo kapata picha za vifaranga wawili, wazima. Kamati imezitazama picha zote. Mikoko haikatwi, na ni marufuku mtu kusogelea viota. Picha yangu imebandikwa ofisini. Chini wameandika: TUSIFANYE HIVI.

Nimeachishwa kazi. Si neno. Huko Naliendele wanatafuta mtu wa kuhesabu mikorosho. Nimeshapata njia ya kuihesabu nikiwa kitandani.