Vichwa vya Buluu na Nafasi ya Nne

Jumatatu, 5 Mei

Nimeanza rasmi. Shahada yangu ya takwimu imetundikwa sebuleni kwa Mama, juu ya televisheni, na tangu Desemba haijazaa kitu ila vumbi. Sasa itatumika!

Hali ni hii. Mwezi ujao klabu yetu ya bastola itapeleka timu ya watu wanne kwenye mashindano ya jimbo la Wisconsin. Watatu wanajulikana tangu zamani. Nafasi ya nne iko wazi. Kapteni Dreikosen atamtaja mtu wake baada ya mchujo wa tarehe 31. Kapteni huyohuyo ndiye mkuu wa ubora katika kiwanda cha jibini, ambako maombi yangu ya kazi yamelala tangu Februari. Katika wasifu wangu nimekwisha kuandika: "Mjumbe wa timu ya jimbo." Kilichobaki ni kuwa.

Wapinzani ni wawili. Wa kwanza Pruell, wakala wa bima, mwenye majivuno na glovu maalumu. Wa pili Bi Verna Kolpack, mpiga kinanda wa kanisa la Kilutheri, mwenye miaka sabini na ushei na mkono usiotikisika.

Kikwazo ni risasi. Za dukani hazishikiki kwa bei. Kwa hiyo hapa kila mtu huokota maganda yake matupu na kuyajaza upya nyumbani: kiwashio, baruti, na kichwa, yaani ile ncha inayoruka. Ganda hurudi mara nyingi. Kichwa huenda moja kwa moja. Basi swali la kisayansi ni hili: kichwa kipi huenda kinakotumwa bila kumfilisi anayekituma?

Pruell hutumia vyenye gamba la shaba, bei ya mnofu wa Krismasi. Nilipomdokezea utafiti wangu aliniambia, mbele za watu, "Profesa, rahisi ni ghali." Nimeamua kutomjibu. Nitamjibu kwa mchoro.

Jumatano, 7 Mei

Nimenunua aina tatu, pakiti ndogo ndogo. Vya gamba la shaba, kama vya Pruell. Vilivyochovywa shaba kidogo tu. Na vya madini ya risasi tupu vilivyopakwa rangi ya buluu, rahisi kuliko vyote, vinavyofanana na peremende.

Nimejaza katika chumba cha chini ya nyumba, kando ya mashine ya kufulia. Kazi ya utulivu na heshima. Mama hakuiheshimu. Amekuta kichwa kimoja cha buluu ndani ya soksi yake ya kanisani, akauliza kama hivi ndivyo vyuo vikuu vinavyofundisha siku hizi. Nimemweleza umuhimu wa sampuli. Akaniambia nikitoa takataka nitakuwa na sampuli ya usaidizi.

Nimetoa takataka.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya majaribio! Uwanja wa shabaha, yadi ishirini na tano, mkono umelazwa juu ya mto wa mchanga ili udhaifu wa kibinadamu usiingie katika takwimu. Risasi kumi kwa kila aina.

Gamba la shaba: matundu kumi yaliyotawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Kilichochovywa: vivyo hivyo, na moja lilitoboa namba iliyochapwa pembeni mwa karatasi. Nilianza kuhangaika. Nikainuka, nikakaa, nikainuka tena.

Kabla ya duru ya buluu, Bi Verna aliketi meza ya jirani, kulia kwangu. Kapteni alikuwa akitutazama. Papo hapo nikajitolea kumtundikia mama wa watu karatasi yake ili asisumbue magoti. Nimeandika majina yetu kwa kalamu nene, nikaenda hadi mwisho wa uwanja, nikasimama nimewakabili wapigaji, nikatundika yangu upande wa meza yangu, mkono wa kushoto, na yake kulia. Adabu na mpangilio! Baada ya kufyatua, nikaenda mwenyewe kuzichukua.

Ajabu! Karatasi yenye jina langu ilikuwa na matundu matano tu, yamekumbatiana. Ungeyafunika kwa kizibo cha chupa ya bia. Nilifyatua kumi. Hesabu ni nyepesi: kila tundu lilipitisha risasi mbili. Vichwa vya buluu hufuatana kama bata na mama yao!

Pruell amesema risasi zangu tano zimekwenda kuwinda kulungu. Wivu.

Maskini Bi Verna. Yeye alifyatua tano, na karatasi yake ikarudi na matundu kumi, yametapakaa kama surua. Aliigeuza, akaitazama tena, akavua miwani, akaifuta. Akauliza kwa sauti ndogo kama bastola inaweza kuzaa. Nikamshika bega. Uzee hauna adabu.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya Mama. Nilisahau. Nimempa mchoro wa matokeo ya vichwa vya buluu, ndani ya fremu. Ameuweka nyuma ya jokofu, pasipo na jua lisije likauharibu.

Ijumaa, 16 Mei

Samaki wa kukaanga klabuni, kama kila Ijumaa. Nimepata ruhusa ya kuhutubia kati ya samaki na pai. Nimevaa tai.

Hoja yangu: tukiagiza vichwa vya buluu kwa pamoja, kwa shehena, bei itashuka mpaka atakayebaki na gamba la shaba aonekane mjinga. Nimeinua karatasi yenye matundu matano. Kapteni aliichukua, akaisogeza kwenye taa, akapitisha kidole. Alisema kwa muda mrefu hajaona upigaji kama huu, na kwamba kwa kweli unamkumbusha mtu fulani, ila hamkumbuki ni nani. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Wamekubali! Hata Pruell ameagiza, akidai ni kwa ajili ya mazoezi tu. Shehena itakuja kwa jina langu, nyumbani kwa Mama.

Jambo moja la huzuni. Bi Verna hakuchangia. Amenivuta kando akasema, "Mwanangu, mimi sitashiriki mchujo. Macho yamenitupa. Uliiona ile karatasi." Mkono wake ulikuwa ukikunja kitambaa cha meza, ukikikunjua. Amepiga shabaha na marehemu mumewe miaka yote. Klabu ndiyo nyumba ya pili. Nilimwambia kustaafu kwa heshima ni ushindi pia. Nadhani nilimfariji. Hakumaliza pai yake.

Mpinzani mmoja amepungua. Sikufurahi. Nimeandika tu.

Ijumaa, 23 Mei

Shehena imewasili. Vikasha ni vidogo kama vya viatu vya mtoto, lakini vizito kama dhambi. Mama wa posta amevibeba kimoja kimoja hadi barazani, na kwa kila kimoja aliniongezea neno. La mwisho siwezi kuliandika. Aliuliza kama naagiza nanga. Nikampa maji baridi ya limau. Alikunywa, akaniambia kijana wa umri wangu mwenye mikono miwili angekuwa ametoka kumpokea.

Saa kumi ubao wa baraza umelia, ukazama. Mama ametoka na mwiko. Nimemhakikishia kwamba mzigo umegawanyika kwa usawa. Ubao wa pili ukazama.

Wanaklabu wamekuja kuchukua vyao. Wote wananipiga makofi ya pongezi mgongoni. Kapteni amesema, "Umefanya kazi safi, kijana." Safi! Neno la mtu wa ubora!

Sijalala vizuri wiki hii. Naamka, nashuka chumba cha chini, navitazama vichwa vya buluu, napanda.

Jumamosi, 31 Mei

Mchujo. Naandika kwa mkono uliochoka.

Kwanza: Bi Verna alikuja. Na kasha lake la bastola! Mama ndiye aliyempeleka kwa daktari wa macho, bila kunishauri. Daktari amesema macho yale ni ya mwewe, na kwamba kama anaona vibaya atafute sababu nyingine. Basi akatafuta. Alileta ile karatasi yenye surua, ndani ya kitabu cha nyimbo, akaitandaza juu ya meza mbele ya Kapteni, Pruell na mimi.

Aliniuliza, kwa upole ule wa watu wa kanisani unaotisha kuliko kelele, nilisimama nimetazama wapi wakati natundika. Nikamjibu: nimewakabili wapigaji, bila shaka, kwa usalama. Na yangu niliiweka mkono gani? Wa kushoto, upande wa meza yangu. Akanigeuza kwa mabega kama mlango, nikiitazama shabaha. "Na sasa, baba, kushoto ni wapi?"

Kisha Pruell alicheka hadi akakaa chini. "Profesa! Umefyatua kwenye karatasi ya bibi wa watu, ukambandika surua, halafu ukapokea makofi kwa matundu yake!" Kapteni alijipiga paji la uso: ndiyo maana upigaji ule ulimkumbusha mtu.

Nimetoa ufafanuzi. Nimesema kosa lilikuwa la uwekaji, si la mbinu. Nimemwomba radhi Bi Verna. Amenipapasa shavu akasema hawezi kuyafuta machozi ya wiki tatu kwa radhi moja, lakini ataanza nayo.

Kisha tukapiga, kwa mkono mmoja, wima, kila mtu kwa vichwa vya buluu vya shehena yangu. Matokeo: wanaklabu karibu wote wamepandisha alama zao. Pruell amevunja rekodi yake mwenyewe na hataki kuizungumzia. Bi Verna amewapita wote; matundu yake yamekumbatiana kama kawaida. Nafasi ya nne ni yake.

Mimi nimekuwa wa mwisho. Surua.

Jumapili, 1 Juni

Usiku umeleta hekima.

Asubuhi nilimfuata Bi Verna baada ya ibada, nikamwuliza swali lililokuwa likinitafuna: siku ya majaribio, matundu matano yale aliyapiga kwa kichwa gani? Amecheka akiwa bado ameshika kitabu cha nyimbo. Buluu. Anatumia buluu tangu kabla sijazaliwa, kwa sababu ni rahisi na vinakwenda. Ameshangaa kwamba sikuwahi kumwuliza.

Nimekaa barazani, kwenye ubao uliobaki, nikaipanga hoja. Vichwa vya buluu: bora, imethibitishwa na klabu nzima. Kwangu vilitawanyika. Vya gamba la shaba kwangu vilitawanyika. Vilivyochovywa, vilevile. Aina tatu, matokeo yaleyale, na jambo moja tu lililokuwapo kila mara.

Mtutu wa bastola yangu!

Nashangaa hakuna aliyeliona. Jioni hii nimewaandikia wanachama wote. Tukiagiza mitutu ya mashindano kwa pamoja, kwa shehena, bei itashuka vizuri. Mama bado hajui. Katika wasifu nimebadilisha mstari mmoja tu: sasa unasomeka "Mshauri wa timu ya jimbo."

Na ili Kapteni aone kwamba sina kinyongo, nimejitolea kusafiri na timu nikamtundikie Bi Verna karatasi zake. Bi Verna amejibu mara moja. Amesema magoti yake, ghafla, yamepona kabisa.