Ng'ombe wa Magurudumu Manne

Jumatatu, 8 Machi 1999

Leo nimeamua kuwa mtu wa gari. Sababu ni shemeji Zachary. Asubuhi amenipita njia ya sokoni, amekaa juu ya mkokoteni wake wa punda, akaniuliza kama nataka lifti. Mimi! Ngumbao, karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa mpunga, mwenye funguo za ofisi na kalamu mbili mfukoni! Nimemwambia ninatembea kwa ajili ya afya. Punda mwenyewe hakuamini.

Bahati haikukawia. Mzee Dida, yule Muorma mwenye ng'ombe nje kidogo ya Garsen, ana gari. Dogo, jeupe, milango minne. Mfanyabiashara mmoja wa Malindi alimpa badala ya mafahali, na Mzee hajui kuendesha. Limekaa karibu na zizi tangu Krismasi. Kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma.

Na si gari la hivi hivi. Lina matangi mawili! Unaliwasha kwa petroli, injini ikishapata moto unageuza koki iliyo chini ya usukani, linaendelea kwa mafuta ya taa. Gari moja, vinywaji viwili. Sidhani hata Wajapani wamewahi kufikiria jambo kama hilo.

Nitabeba abiria kutoka Garsen hadi Tarasaa. Zachary atatembea kwa ajili ya afya. Nimemweleza Elsie, mke wangu. Amesema kabla ya gari kuna paa.

Jumanne, 9 Machi

Nieleze habari ya paa, ili wajukuu wakisoma shajara hii wasinihukumu vibaya. Mafuriko ya El Nino yaliondoka na nyumba yetu. Hii tuliyojenga baadaye ni ya makuti, na inavuja kila mahali isipokuwa palipo na mlango. Elsie amelima mpunga misimu miwili, amenunua mabati thelathini, ameyaweka katika stoo ya kanisa. Mama yake anakuja Pasaka kutoka Ndera. Mara ya mwisho alilala na beseni kifuani. Elsie ameapa hilo halitatokea tena akiwa hai.

Namwelewa kabisa. Lakini mabati hayatembei.

Nimekwenda kwa Mzee Dida. Amenipa njia mbili. Ya kwanza kununua: nimpe mabati yote thelathini, anajenga duka, gari liwe langu moja kwa moja. Ya pili, nilichukue kama wenzake wanavyomwazima mtu ng'ombe wa maziwa. Ameniambia hivi: "Karani, maziwa wewe kunywa. Ng'ombe yangu. Kama gonjwa, wewe ambia mimi haraka. Siku mimi taka, mimi chukua." Yaani nauli za abiria ni zangu, nami nimpeleke mnadani siku za mnada. Sitoi hata bati moja!

Nimesema suala hili linahitaji kufikiriwa kwa kina. Nimefikiria mpaka kwenye lango la boma, nikarudi kuchukua ufunguo.

Alhamisi, 11 Machi

Siku ya kwanza kazini. Gari limewaka mara ya tatu. Nimepiga honi mbele ya nyumba ya Zachary mara kumi na moja. Hakuwepo. Nimerudi baadaye nikapiga tena.

Tatizo moja dogo. Mzee Dida ana ndugu wengi. Kumbe ng'ombe akiwa wa Mzee, watoto wa kaka zake hawanyimwi maziwa! Wamepanda saba, bure, wakaniombea dua. Nyuma kwenye buti wameweka ndama mwenye homa. Abiria wangu wa kulipa alikuwa mmoja, mama wa Idsowe, akashuka kabla ya kufika kwa sababu ndama alikuwa akimlamba shingo.

Ni wazi kwamba gari la kuazima halina heshima. Lazima liwe langu. Lakini mabati thelathini ni mengi. Elsie angegundua.

Jumamosi, 13 Machi

Nimepata wazo! Nimelipata nikiwa kwenye kikao cha ushirika, wakati mwenyekiti akidhani ninaandika kumbukumbu.

Gari likiugua, bei itashuka. Mzee atakata tamaa, nami kwa huruma nitalichukua kwa mabati kumi tu. Yatabaki ishirini. Nani huhesabu mabati yaliyolala kwenye stoo? Kalla, fundi wa magari, anajua namna ya kulifanya liugue: unageuza koki ya mafuta ya taa kabla injini haijapata moto. Litakohoa, litatoa moshi, na halitadhurika hata kidogo.

Kalla anataka mabati mawili kwa ushauri huo. Mwizi! Nimekwenda kanisani, nikamwambia mtunza stoo kwamba Elsie ameniagiza. Nimetembea na mabati mawili kichwani katikati ya Garsen, jua la saa saba. Nimesalimiwa na watu wote ninaowafahamu.

Jumatano, 17 Machi

Ugonjwa umeanza. Nimegeuza koki mapema, nikapita taratibu kando ya boma la Mzee Dida. Moshi mweupe, mzito! Gari limekohoa mpaka mbuzi wametawanyika. Nimeshuka na uso wa msiba, uso ambao nimeufanyia mazoezi kwenye kioo cha pembeni.

Mzee ameweka kiganja juu ya boneti. Amelizunguka mara mbili. Ameinama akaangalia chini ya tumbo. Ameniuliza kama linakunywa. Nimesema linakunywa kwa shida. Kisha, kwa sauti ya chini, nimesema mimi ni mtu wa huruma, niko tayari kulichukua kwa mabati kumi.

Amekataa. Amesema hawezi kumuuzia rafiki mnyama mgonjwa, ni aibu. Tulipumzishe, litapona.

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Lakini nilishaona gari la mabati kumi. Nikasema halitapona, Mzee. Nikasema hali ni mbaya kabisa, sidhani kama litaiona Jumamosi.

Mzee amenishika mkono kwa nguvu. Macho yake yalikuwa na machozi. Amesema nimefanya vizuri kumwambia mapema. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Ijumaa, 19 Machi

Balaa! Balaa kubwa!

Mtu wa mifugo hangoji mnyama afe mwenyewe, kwa sababu mzoga haumfai mtu. Asiye na tumaini huchinjwa mapema, nyama igawanywe, angalau watu wapate kitu. Nimelijua hilo tangu nikiwa mtoto! Nimeishi na Waorma miaka yangu yote! Lakini nani alifikiria habari ya gari?

Baada ya sala ya Ijumaa Mzee amefika kwangu na kaka zake watano, na nyuma yao Kalla na sanduku la spana. Kalla hakunitazama usoni. Nimepiga kelele kwamba gari limepona. Nimeruka ndani nikaliwasha. Limewaka mara moja, likanguruma vizuri, halijawahi kunguruma vizuri hivyo. Mzee ametikisa kichwa kwa masikitiko. Amesema amewaona ng'ombe wengi wakisimama imara hivyo hivyo nusu saa kabla ya kufa.

Saa kumi kazi ilikuwa imekwisha. Kalla amepata injini kwa ujira wake. Viti amechukua Barwako, mke wa Mzee. Betri imekwenda kwa kaka mkubwa, mwenye redio. Milango ni ya zizi la mbuzi. Na magurudumu yote manne, nashindwa kuandika, amepewa Zachary, ambaye ameahidi kumletea Mzee maji mwaka mzima.

Mchungaji wa ng'ombe wa kuazima naye ana fungu lake. Nimepewa boneti. Mzee mwenyewe amenikabidhi kwa mikono miwili, akanipa pole mbele ya watu. Nimelia. Wamedhani ninamlilia ng'ombe.

Jumamosi, 20 Machi

Barwako ndiye anayemuuzia Elsie maziwa. Leo amekaa uani kwetu muda mrefu kuliko maziwa yanavyohitaji. Ameeleza yote: mabati kumi niliyomwahidi mumewe, na yale mawili ambayo sasa yako juu ya banda la kuku la Kalla.

Nilitegemea matusi. Elsie amejifunga leso, amekwenda kanisani, nami nyuma yake. Ameyahesabu mabati moja moja kwa kidole. Ishirini na nane. Amehesabu tena. Kisha ameniuliza, taratibu tu, kama ninajua ni magunia mangapi ya mpunga aliyobeba mgongoni.

Sikujua. Karani wa mpunga, na sikujua! Nimeona aibu, aibu ya kweli. Nimeapa mbele ya stoo ya kanisa kwamba sitatamani tena gari la mtu, la kununua wala la kuazima. Elsie amesema sawa, nibebe mabati.

Nimeyabeba yote, safari saba. Zachary amepita na mkokoteni wake wa magurudumu ya mpira. Haukutoa sauti hata kidogo. Hakuniuliza kama nataka lifti.

Jumatatu, 5 Aprili

Pasaka njema. Paa limekamilika tangu wiki iliyopita. Mabati hayakutosha mahali pamoja, juu ya kitanda cha mgeni, pengo la mabati mawili. Fundi ameliziba kwa boneti. Imeenea sawasawa, misumari minne.

Mvua imenyesha tangu Ijumaa Kuu. Mama mkwe amelala mkavu siku tatu. Anasema hajawahi kuona paa imara kama hilo lililo juu yake, na kwamba anaanza kuniona kama mwanamume. Elsie ametabasamu. Mara ya kwanza tangu tarehe ishirini. Zachary ndiye aliyemleta mama kutoka stendi, na sasa anapeleka watu Tarasaa kila siku, lakini hata hilo halikuniumiza sana. Nimejifunza. Mtu hujifunza.

Mchana nimekutana na Sadik, dereva wa lori la Malindi. Katika mazungumzo tu ametaja kwamba huko kuna gari dogo jeupe, aina ile ile kabisa, injini nzima, viti vyote. Mwenyewe anauza, au anakodisha kwa mwezi, ukipenda. Kasoro yake ni moja. Halina boneti!

Mama mkwe anarudi Ndera Alhamisi. Sadik anaondoka kesho alfajiri. Nimeazima kwa Zachary nyundo ya kung'olea misumari, nikamwambia ni ya kukaza paa.