Nilivyowachambua Vijana wa Kesho

Jumanne, 8 Julai

...na ndiyo maana nasema kosa ni la vishimo vya mashavu yake, si langu. Mwanaume akicheka vile mbele yako unakubali chochote. Mimi nilikubali bendi.

Siku tuliyokutana nilipeleka simu kwenye banda lake la ufundi karibu na mpaka. Spika yake ya bandani inanguruma. Nikadhani imeharibika. Gwakisa akaniuliza kama nawafahamu Vijana wa Kesho, wale wa magitaa ya mbio. Nikasema nawapenda tangu shuleni. Uongo mtupu! Mimi ni mtu wa kwaya, sauti ya pili, Vwawa.

Leo ndoa yetu ina siku kumi na saba, na mume wangu amerudi anarukaruka. Vijana wa Kesho wametoa albamu mpya baada ya miaka kumi na moja. Inaitwa Bado Hatujakua. (Mpiga ngoma ana wajukuu.) Jumapili baada ya ibada mashabiki wanakuja kwetu Chapwa kuisikiliza, na ameshawatangazia kuwa mke wake atachambua wimbo kwa wimbo. Anasema alinioa kwa sababu mimi peke yangu niliielewa ile spika.

Jirani yetu Brenda, aliyesoma na Gwakisa na kuipenda bendi pamoja naye, alicheka hadi akashika ukuta. Eti, "Haya wifi, tutakusikia." Ile "wifi" ilikuwa na mwiba.

Gwakisa akijua nilidanganya siku ya kwanza kabisa, ataamini nini tena?

Jumatano, 9 Julai

Nina mpango. Gwakisa ameenda kazini. Juu ya kabati kuna flashi nyeusi, bila shaka ndiyo albamu. Nimeichomeka kwenye redio na kuchukua daftari jipya. Juu nimeandika: Flashi nyeusi, juu ya kabati, usikilizaji wa kwanza. Mambo ya kisomi.

Wimbo wa 1: anahesabu hadi nne, gitaa, kasi. Wa 2: anahesabu hadi nne, gitaa, kasi. Wa 3: kasi, analalamika kuhusu mwalimu wa hesabu. Wa 4: msichana ameondoka. Wa 5: nilidhani redio imerudi wimbo wa 1. Nikakagua. Ni wa 5.

Wa 7 ni wa geti. Amechelewa, geti limefungwa, anapiga kelele. Huo angalau una geti.

Alhamisi, 10 Julai

Nimesikiliza tena mara mbili. Maharage yameungua. Nimemwambia Gwakisa ni moshi wa jirani. Amekula yote! Nani mwenye mume kama huyu?

Ijumaa, 11 Julai

Brenda kanivizia bombani. Mbele ya kina mama wote akaniuliza wimbo gani umenigusa. Nikajibu bila kupepesa: wa saba, wa geti. Akasema naye ni huohuo. Akabeba ndoo yake haraka mno. Moja bila!

Jumamosi, 12 Julai

Nilikuwa nakaanga vitumbua huku naimba wa 4, ule wa msichana. Kugeuka, Gwakisa yuko mlangoni, macho yamelowa. Amesema mama yake alikuwa akimwambia hatapata mwanamke wa kuvumilia kelele zile. Nikamlisha kitumbua kwa mkono wangu. Nampenda mpaka naogopa.

Jumapili, 13 Julai

Balaa!

Wamekuja Brenda na Efraimu, karani wa forodhani, amevaa fulana ya bendi isiyofika kitovuni. Viti vimepangwa uani, soda zipo. Gwakisa akaingiza mkono mfukoni akatoa flashi. Nyekundu! Akasema hajaiacha tangu Jumanne, hata kanisani ameingia nayo. Nikauliza kwa sauti ndogo kuhusu ile nyeusi. Akasema, ah, ile ni albamu yao ya kwanza, ya enzi za kidato cha pili.

Siku nne nimesoma mtihani wa zamani!

Nifanye nini? Kuzimia nilikufikiria. Soda ingemwagika. Wimbo ukaanza, wote wakanigeukia. Nikafungua daftari na kusoma nilichonacho: anahesabu hadi nne, gitaa, kasi. Wakatikisa vichwa. Kweli kabisa! Wa 3 nikasema kuna uchungu na mwalimu wa hesabu. Upo! Safari hii mwalimu anamfundisha mtoto wa mwimbaji. Wa 4, msichana ameondoka. Ameondoka, kaenda chuo, ni binti yake. Wa 7 nikafumba macho nikasema: geti. Na geti likaja! Mzazi kachelewa kikao cha shule, limefungwa, anapiga kelele.

Efraimu alisimama kunipa mkono. Amesema miaka yote hiyo hajasikia mtu akiwaelewa hivi. Brenda aliweka soda yake chini, akauliza nimejulia wapi wimbo kabla haujafika kwenye geti. Nikasema ni mapenzi.

Wageni walipoondoka, Gwakisa akachukua daftari ili alihifadhi pamoja na flashi. Akasoma mstari wa juu. Flashi nyeusi, juu ya kabati. Akakaa.

Nikalia, nikasema yote, tangu siku ya spika. Akafunga daftari. Kisha akasema alijua, maana siku ile kabla hajaniuliza kitu nilimshauri aitengeneze spika yake. Alikuwa anangoja nimwambie. Na kwamba mtu anayesikiliza kitu asichokipenda siku nne kwa ajili yake, yeye hana cha kumwuliza zaidi. Ila nisimdanganye tena. Wala mama yake, kwao hawapendi uongo kabisa.

Nikaapa. Akaosha vyombo vyote. Sitasema uongo tena maishani.

Jumatatu, 14 Julai

Asubuhi mama mkwe amepiga simu kutoka Itaka. Ana sauti ya upole mno! Akaniuliza, "Mwanangu, kahawa unaijua?" Nikasema, mama, nimezaliwa chini ya mibuni. (Nimezaliwa nyuma ya cherehani ya baba, Vwawa mjini.) Akafurahi, akamshukuru Mungu. Anasema basi atawaambia wachumaji wasije, shamba zima tutachuma mimi na yeye.

Brenda kwao wana mibuni. Nimemwomba anifundishe. Ameshika ukuta tena.

Lakini nimetulia. Nimenunua daftari. Mti wa 1: unachuma nyekundu. Wa 2: nyekundu. Nadhani ni hivyo mpaka mwisho. Gwakisa sijamwambia, nataka ajionee mwenyewe.

Mama nimemwahidi: kabla mwezi huu haujaisha, tutakuwa Itaka.