Kichwa Kimoja, Vinyozi Wawili

Jumamosi, 4 Mei

Likizo imeanza. Wiki nzima bila ghala, bila makasha ya vitabu vya shule, bila bosi. Sisafiri. Nitakaa nyumbani nistarehe, na mtaa wetu nitautembea kama mgeni aliyelipia kuuona.

Mke wangu alisema ni wazo zuri sana, na nianze kwa kumwondokea pale mezani, maana ana mapazia ya watu ya kumaliza. Yeye ni fundi cherehani na sebule yetu ndiyo karakana yake. Mama mkwe, anayekaa nasi, alikuwa tayari yuko roshani. Hapo ndipo anapofuma masweta na kuilinda barabara nzima kwa macho.

Nikashuka. Ng'ambo ya barabara, palipokuwa na duka la magodoro, sasa pana kinyozi mpya. Vioo ukuta mzima. Viti vyeusi vinavyolala kama vitanda. Mwenyewe ni mwanamke mrefu mwenye aproni nyeupe isiyo na unywele hata mmoja. Alikuwa akimfunika mteja uso kwa taulo linalofuka mvuke. Mteja akakoroma. Nikasimama dirishani mpaka nikaona haya.

Tatizo moja. Mimi nina kinyozi wangu. Duka lake liko chini ya jengo letu, ubavuni mwa ngazi. Amekinyoa kichwa hiki tangu sijaoa. Ndiye aliyeninyoa asubuhi ya harusi na kunisihi nisikimbie. Kiti chake kimechanika, sponji inachungulia. Redio yake inakamata stesheni moja na nusu. Na akianza hadithi hukushika sikio, halafu haliachii mpaka hadithi iishe. Mtu mwema kabisa. Lakini taulo la moto hana.

Nimeamua. Mara moja tu. Kuonja si kuhama.

Jumapili, 5 Mei

Nimeonja.

Taulo la moto. Acha niandike tena: taulo la moto. Kisha vidole kichwani, taratibu, kama vya mtu anayetafuta kitu alichopoteza zamani na hana haraka ya kukipata. Nikalala. Nilipoamka, Bibie (ndivyo wateja wanavyomwita) alikuwa amemaliza, na kwenye kioo kulikuwa na mtanashati mmoja ambaye kwa bahati nzuri alikuwa mimi.

Raha ile ilinifikisha mlangoni tu. Kinyozi wangu alikuwa amekaa nje ya duka lake, hana mteja, anaitazama barabara. Na mimi siwezi kufika kwenye ngazi zetu bila kupita mbele ya magoti yake. Hilo sikulipanga. Nilipanga kuingia. Kutoka nilidhani kutajipanga kwenyewe.

Nikajificha duka la vyombo nimsubiri aingie ndani. Haingii. Mwenye duka akaniuliza nataka nini. Nikasema naangalia. Baada ya muda akaniuliza tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayehesabu vijiko vyake. Nikanunua beseni. Kinyozi bado yuko pale. Nikanunua la pili, kubwa zaidi. Nikalifunika kichwani lile kubwa na kupita mbio. Kinyozi akanisalimu, akasema naona familia inapanuka. Nikamwitikia ndani ya beseni. Sauti ikanirudia kama ya mtu aliyetumbukia kisimani.

Mke wangu aliuliza mabeseni ya nini. Halafu akakiona kichwa. Akanizunguka polepole kama anayekagua suti, akasema nimependeza kweli, ila angependa kujua nimependezeshwa na nani.

Mama mkwe hakuinua hata macho. Alisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao."

Nikamweleza kwa adabu zote kwamba mbachao sijauacha, nimeukunja kidogo tu. Akasema mbachao ukikunjwa unajua.

Jumatatu, 6 Mei

Kofia. Jambo jepesi namna hiyo na halikunijia jana.

Nimechukua kofia ya sufu kwenye kapu la mama mkwe, nikaivuta mpaka kwenye nyusi. Jua la leo lingeweza kuanika zege. Nilipofika chini jasho lilikuwa limenifika kidevuni. Kinyozi akasimama. Akaniuliza kulikoni, kofia ya sufu na jua hili. Nikasema homa. Akauliza homa gani. Nikasema ya ndani. Akauliza ndani ya wapi. Nikajikuta nasema ya kichwa, kwamba kichwa hakitaki kuguswa na upepo wala na mkono wa mtu.

Akanishika bega. Akasema jasho hilo si la mzaha, na kwamba yeye alijua kuna jambo tangu jana, maana mtu mzima mwenye akili timamu hatembei na beseni usoni. Akaniamuru nirudi kitandani.

Nilikuwa nakwenda kununua mkate wa moto, ule wa kwanza wa asubuhi, starehe yangu kuu ya likizo. Nikarudi juu bila mkate. Mke wangu na mama yake walikunywa chai wakasema mkate wa jana nao si mbaya. Mgonjwa akala ukingo.

Jumanne, 7 Mei

Kinyozi amekuja kunijulia hali. Amefunga duka kwa ajili yangu.

Nilimsikia kwenye ngazi. Nikaruka kitandani na kofia yangu, blanketi mpaka puani. Mke wangu akamkaribisha kwa uchangamfu ambao mimi sijauona tangu posa. Akamletea kiti karibu kabisa na kichwa changu. Kisha akasema ana kazi, akaenda kusimama nyuma ya mlango. Vidole vya miguu yake nilikuwa naviona.

Kinyozi alikuja na chupa. Dawa ya majani, akasema, ameichemsha mwenyewe. Ilikuwa na rangi ya maji ya mtaro na uchungu wa kukosa pensheni. Akanisimamia mpaka nikamaliza kikombe. Kisha akanihadithia wateja wake wote waliowahi kupuuza homa ya kichwa. Hakuna aliyeishia vizuri. Mmoja nywele ziliota upande mmoja tu.

Alipoinuka alisema nisihangaike kushuka. Jumamosi atapanda yeye na vifaa vyake aninyoe papa hapa kitandani, maana mgonjwa hunyolewa apate nuru. Nikasema asisumbuke. Akasema usumbufu gani, wateja wenyewe siku hizi wamepungua.

Hilo la mwisho alilisema akifunga kizibo cha chupa, wala hakunitazama. Lilinikaa vibaya kuliko dawa. Nikalitafakari karibu dakika nzima. Kisha nikakumbuka kwamba Jumamosi iko karibu na kichwa changu bado kina alama ya mkono wa mtu mwingine.

Jumatano, 8 Mei

Suluhisho limepatikana. Upara. Kichwa chenye nywele kinaonyesha nani kakinyoa, lakini kipara hakina mwenyewe. Nitaziondoa zote, niseme zimeng'oka kwa homa.

Wembe sikuupata. Nilipata mkasi wa mke wangu, ule mkubwa wa vitambaa. Sheria ya nyumba hii ni kwamba mkasi ule haukati karatasi, haukati uzi wa mfuko wa unga, haukati kitu chochote kisicho kitambaa. Lakini alikuwa amekwenda kupeleka mapazia kwa mteja. Nikajifungia bafuni.

Kujinyoa mwenyewe kwenye kioo ni kama kumfuata mtu anayekukimbia. Ukienda kulia, mkono unakwenda kushoto. Nilianza vizuri juu ya paji. Katikati pakatokea barabara. Juu ya sikio pakabaki kichaka nisichoweza kukifikia. Nikaacha nikidhani kichwa kinastahimilika.

Mama mkwe alinitazama kwa muda mrefu. Akasema shamba waliloingia mbuzi huwa angalau mbuzi wameshiba.

Mke wangu aliporudi hakukitazama kichwa. Alichukua mkasi, akajaribu kukata kipande cha satini. Mkasi ukatafuna. Akauweka mezani taratibu. Akasema ameolewa na mimi kwa hiari yake, hakuna aliyemlazimisha, na kwamba anaomba hilo alikumbuke yeye mwenyewe leo jioni, maana analisahau.

Usiku nimelala upande wangu wa kitanda. Upande wangu umekuwa mwembamba.

Alhamisi, 9 Mei

Yaliyotokea leo nayaandika yalivyo.

Kichwa kile kilihitaji fundi, na fundi hawezi kuwa wa chini ya ngazi. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapita uchochoro wa dobi. Shuka mbichi zilikuwa zimetanda kila mahali. Moja ilinikumbatia shingoni, dobi akanifukuza akidhani naondoka nayo. Nikazunguka mtaa mzima nikatokea kwa Bibie, nimelowa kifua.

Kulikuwa na mteja mmoja tu, amelazwa kwenye kiti cha pili, uso wote chini ya taulo. Nikakaa. Nikavua kofia. Bibie akaniuliza kwa upole ni ajali ya namna gani. Nikasema homa ya kichwa.

Taulo la jirani likasema, "Homa ya kofia hiyo. Mpe pole."

Sauti ile imenihadithia miaka mingi sikio likiwa mkononi. Nikataka kushuka kitini, lakini Bibie alikuwa ameshanifunga kitambaa shingoni.

"Unafanya nini hapa?" nikamwuliza.

"Nanyolewa. Kwani wewe umekuja kununua beseni?"

"Na duka?"

"Nimefunga. Mteja mmoja mgonjwa, wa pili hakutokea." Akalivuta taulo mpaka kidevuni. Uso ulikuwa umelainika kama wa mtoto aliyetoka kuoga. "Nakuja tangu wiki waliyofungua, ndugu yangu. Nanyoa watu maisha yangu yote. Kisogo changu mwenyewe nakipapasa kwa vioo viwili, kama mwizi. Anayepikia watu kila siku ndiye anayejua utamu wa kupikiwa."

Nikamwuliza kama alikuwa anajua yangu.

"Tangu siku ya beseni. Lilifunika uso, kisogo likakiacha nje. Kisogo chako nakijua kuliko mama yako. Kina bonde upande wa kushoto. Mimi hulizunguka. Huyu dada kapita juu kwa juu."

Bibie akasema bonde hakuliona. Kinyozi akainuka na taulo lake shingoni, akaja kumwonyesha. Wakaniinamia wote wawili kama mafundi bomba juu ya shimo. Akamwelekeza jinsi ya kugeuza mashine pale. Bibie akasema kweli, hapo kuna kitu. Akamwuliza na hiki kichaka je. Kinyozi akasema kichaka si kazi ya Mungu wala ya kinyozi, hicho hakijui.

"Na ile dawa?" nikasema. "Ilikuwa ya nini?"

"Ya uongo. Mkeo aliniambia niongeze kijiko."

Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nimeanza, nimefika kwenye "nilichofanya", akanikatiza. Akasema maneno nimtunzie, nimletee kichwa. Kisha akarudi kitini, akajifunika, na punde akakoroma.

Nilimaliza nikiwa kipara kitupu. Tulivuka barabara pamoja, mlango wa mbele, mchana kweupe, vichwa viwili vinang'aa. Kutoka roshani mama mkwe alituona. Akaacha kufuma.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekwenda chini kukaa kwenye kiti kilichochanika. Cha kunyolewa hakuna, lakini Kinyozi alisema kichwa kikae tu, kizoee tena. Amenunua taulo. Alilitia kwenye maji ya birika na kunipiga nalo usoni kabla halijapoa. Nililia, yeye akadhani ni raha, nikamwacha adhani hivyo. Akanihadithia habari ya Bibie kumwomba awe anakwenda Jumatatu kumfundisha vichwa vigumu, na yeye kukubali kwa malipo ya kunyolewa. Sikio langu alilishika mwanzo hadi mwisho. Lilikuwa limekosa mwenyewe wiki nzima, na lilitulia.

Mkasi umenolewa. Niliupeleka mwenyewe kwa mnoa visu na kumsimamia. Mke wangu akajaribu satini, ikaachana kama maji. Akanisogezea chai na mkate wa moto, akanipapasa kipara kidogo akipita. Mama mkwe ametangaza kwamba anafuma kofia ya saizi yangu, maana ile nyingine nimeipanua. Tumekaa wanne mezani mpaka giza, Kinyozi naye, tumecheka. Starehe yenyewe ndiyo hii. Nimejifunza mengi wiki hii na sitayasahau.

Jambo dogo tu. Suruali yangu mpya ni ndefu, na nimekuwa nikimkumbusha mke wangu aipunguze. Husema wateja kwanza. Sasa pale kona, karibu na duka la rangi, kuna fundi mpya wa nguo. Nimechungulia leo. Ana pasi ya mvuke. Unakaa kwenye kochi, unapewa gazeti, suruali inapunguzwa ukiwa hapo hapo.

Nimekwisha panga yote, kuingia na kutoka. Kesho mke wangu ataenda sokoni kununua vitambaa. Mara moja tu. Hatajua. Mshono ni mshono, na nani duniani anaweza kuutazama akajua ni wa mkono wa nani?