Pistoni Nne na Mbuzi Mweupe

Jumatatu, 6 Oktoba

Gari limekunywa oili tena. Kutoka hapa Njiru hadi Donholm tu, na moshi wa buluu nyuma kama nafukuza mbu wa mtaa mzima. Jumamosi ni ntheo ya mpwa wangu Ndete: tunapeleka mbuzi watatu kwa wazazi wa msichana kule Tala. Bila mbuzi, hakuna mchumba. Niliapa mbele ya ukoo kwamba watasafiri kwa gari la mjomba. Niliapa nikiwa nimeshiba.

Wavinya, mke wangu, anasema tumwombe jirani Owiti pikapu yake. Owiti! Mstaafu wa reli anayesugua magurudumu kwa mswaki. Heri niwabebe mgongoni.

Jumanne, 7

Fundi Andati kachungulia. Masizi yamegandia kwenye pistoni, ringi zimekwama. Ama afungue injini, wiki nzima, ama nitumie oili maalumu inayosafisha polepole, kilomita elfu kadhaa. Nikamwambia Tala si mbali hivyo.

Duka la spea wana dawa ya kuyeyusha masizi. Unatoa plagi, unamimina kidogo juu ya kila pistoni, unasubiri. Muuzaji alisema kidogo. Nimemimina nusu kopo.

Alhamisi, 9

Mbuzi wamefika. Nimewafunga mbele ya gari, penye kivuli. Andati kwa simu: nyonya dawa yote kwa sirinji, ziba matundu ya plagi kwa tambara, ndipo upige stata. Sirinji sina. Tambara sijaliona. Stata moja tu, itadhuru nini?

Chemchemi nne. Nyeusi tititi! Zikaruka juu, zikatua kwa mbuzi mweupe, yule mzuri kuliko wote. Sasa ana madoa kama chui.

Sabuni mara tatu. Madoa yametoka, harufu imekataa. Nilitaka kumpaka dawa yenyewe. Wavinya akaninyang'anya kopo. Akanikumbusha kuwa mjomba wa msichana, Mzee Musau, hukagua mbuzi meno hadi kwato. Mwaka jana alirudisha ujumbe mzima kwa sababu ya pembe moja. Ndete hajala tangu mchana.

Ijumaa, 10

Limewaka! Moshi ulifunika ploti, majirani wakafunga madirisha, kisha ukakatika. Kabisa! Andati anasisitiza nimwage oili, eti dawa imepenya chini ikaifanya maji. Oili niliyoitia wiki mbili tu zilizopita? Nimeiacha. Nimepita mbele ya Owiti mara tatu, polepole, kioo kikiwa chini.

Jumamosi, 11

Taa nyekundu ya oili ikawaka kabla ya Tala. Injini ikagonga kama mtu aliye mlangoni, ikanyamaza. Owiti, ambaye Wavinya alimwomba awabebe akina mama, alikuwa nyuma yetu. Alifungua tu nyuma ya pikapu. Nikapanda pamoja na mbuzi.

Mzee Musau alimzunguka yule mweupe mara mbili. Akainama. Akanusa.

“Hii mbuzi imetoka gereji?”

Owiti akavua kofia.

“Hapana, mzee wangu. Anayenuka ni huyu mjomba wetu. Mbuzi iko sawa.”

Walicheka hadi msichana akachungulia dirishani. Mbuzi wakapokelewa. Ndete akala sahani tatu. Owiti akaketishwa katikati ya wazee. Mimi nikawekwa mwisho kabisa, upepo unakoelekea.

Jumapili, 12

Andati anasema injini imekufa. Mimi nasema dawa haikupewa muda.

Kopo nimegundua Wavinya alikolificha. Limebaki nusu. Na jana, pale kwenye mwinuko, pikapu ya Owiti ilitoa moshi. Kidogo tu, lakini nilikuwa nyuma na mbuzi, niliuona vizuri. Mtu ameniokoa mbele ya wakwe. Nitakaaje bila kumrudishia wema? Yuko kanisani hadi saa saba, na boneti yake haifungwi kwa ufunguo.

Safari hii nina tambara.